UZI: Kuchagua kipunguza sauti cha bunduki ya upepo, ukisikiliza kutoka upande wa jirani

Mleta uzi

Ndugu zangu, salaam. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzetu walioko Uingereza, hasa wale wanaofanya kazi mashambani na kwenye mabanda ya farasi, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakiniuliza faraghani swali lile lile: kati ya vipunguza sauti vyote vinavyouzwa, kipi kifungwe kwenye bunduki ya upepo? Nimekuwa nikimjibu kila mmoja peke yake, na nimeona ni heri niandike mara moja, kwa urefu, ili na wengine wasahihishe nilipokosea. Mimi natunza mabanda ya farasi huko Lincolnshire, huu ni mwaka wangu wa 9, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapunguza panya wanaoingia kwenye stoo ya nafaka. Idhini ya mwenye shamba ninayo kwa maandishi.

Niseme mapema ninachoamini, kisha nieleze kwa nini. Wengi wetu tunachagua kifaa hiki kwa sikio lililo karibu na kitako cha bunduki, yaani sikio la mpigaji, na sikio hilo ndilo lisilofaa kabisa kwa kazi hiyo. Anayetakiwa kutosumbuliwa ni jirani aliye ng'ambo ya ua, farasi aliyelala, na panya wa pili ambaye bado hajatoka shimoni. Kwa hiyo kipimo kiwe pale walipo wao.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kifaa chenyewe. Ukifyatua, hewa iliyobanwa huisukuma peleti, yaani kirisasi kidogo cha bunduki ya upepo, ndani ya mtutu, na peleti ikishatoka, hewa ile hulipuka nyuma yake na kutoa mshindo. Kipunguza sauti huipa hewa hiyo chumba cha kutanukia na viambaza vya kuizuiazuia, mara nyingi pamoja na sponji au sufi iliyoshindiliwa, ili itoke polepole na kwa nguvu ndogo. Ni kazi ile ile ya sailensa ya pikipiki, na huo si mfano wa kubahatisha. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepewa hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki mwaka 1909, alishughulika pia na kutuliza sauti za injini za magari. Baba yake ndiye Hiram Maxim aliyebuni bombomu, silaha ambayo babu zetu waliijua kwa machungu wakati wa Majimaji. Baba alitengeneza kelele, mwana akatengeneza utulivu. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila ninapoifunga bunduki yangu.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo watu hupotezea fedha. Bunduki za upepo haziko za aina moja. Ya springi ina pistoni inayorushwa na springi, na sehemu kubwa ya kelele yake ni pistoni kugonga mwisho wa silinda na springi kutetema ndani ya kitako. Kipunguza sauti kiko kwenye mdomo wa mtutu. Hakiwezi kufika huko nyuma. Ukifunga hata kile cha bei ya juu kabisa, utasikia tofauti ndogo, na utalaumu kifaa kwa kosa lisilo lake. Ya hewa iliyobanwa tangu awali, ile wanayoiita PCP, yenye chupa au silinda inayojazwa hadi bari 200 au zaidi, ndiyo inayofaidika. Hiyo haina pistoni, na karibu mshindo wote unatoka mdomoni, mahali hasa kifaa kilipo. Ndiyo maana bila kipunguza sauti PCP hupasua masikio, na kikifungwa husikika kama mtu aliyepiga kofi juu ya mto wa kulalia.

Nguvu nayo ina neno lake. Huku Uingereza bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha haitakiwi kuvuka nishati ya futi-pauni 12, yaani karibu jouli 16. Kwa nguvu hiyo peleti ya kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) .177 yenye uzito wa kawaida huenda kama mita 240 kwa sekunde, na ya .22 kama mita 178. Sauti yenyewe husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo peleti zetu haziivuki, na ule mlio mkali wa kitu kinachoishinda kasi ya sauti haupo. Kinachobaki cha kutuliza ni hewa tu, na hewa ya pigo moja la futi-pauni 12 ni kidogo. Matokeo yake ni kwamba chumba kikifikia ukubwa fulani, kukiongeza hakuleti tena nafuu ya kuonekana. Bomba nene na refu lina maana kwa mwenye cheti anayetumia nguvu ya juu. Kwa sisi wengine ni uzito wa bure kwenye ncha ya mtutu.

Hilo nililijaribu, na hapa nitaomba mnivumilie nieleze kwa undani. Asubuhi moja ya Februari, kabla wenye farasi hawajafika, tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja mzaliwa wa Kericho. Bunduki ilikuwa PCP ya kaliba .22, na vipunguza sauti vilikuwa vitatu: kimoja cha sentimita 11, cha pili cha 15, cha tatu cha 20, vyote vya kaliba moja. Mimi nililenga sanduku la chuma la kunasia peleti lililoegemezwa kwenye marobota ya nyasi kavu. Yeye alisimama mita 35 kutoka kwangu, pembeni, nyuma ya ukuta wa matofali, akiwa na daftari. Hakuweza kuona ninafunga kipi, nami nilibadilisha bila mpangilio. Kila pigo aliandika namba kuanzia 1 hadi 10 kadiri lilivyomsumbua.

Mimi nilivyosikia shavu likiwa juu ya kitako: kifupi na cha kati vililingana kabisa. Nilichokuwa nikisikia ni nyundo ya ndani ikigonga vali, ting, sauti inayopita kwenye mbao moja kwa moja hadi kwenye mfupa wa taya. Mwenzangu hakuisikia nyundo hiyo hata mara moja. Kwake tofauti kati ya kifupi na cha kati ilikuwa wazi, aliiandika karibu kila mara. Kati ya cha kati na kirefu alichanganya. Namba zake zilikuwa hizo hizo. Jambo la tatu hakuna kati yetu aliyelitarajia: nilipofunga cha kati au kirefu, sauti kubwa kuliko zote aliyoisikia haikuwa ya bunduki bali ya peleti kugonga chuma cha sanduku. Tulilijaza sanduku lile udongo laini wa kuzibia mabomba, tukarudia, naye akaniuliza kwa sauti kutoka nyuma ya ukuta kama nimeshaanza. Nilikuwa nimeshapiga mara nne.

Kulikuwa na shahidi mwingine. Kwenye chumba cha tatu kuna farasi jike mzee ambaye masikio yake hugeuka kwa kila mlio mgeni. Kwa mtutu mtupu aliinua kichwa na kuacha kula. Kwa kifupi alizungusha sikio moja. Kwa cha kati aliendelea kutafuna.

Nilinunua cha kati.

Kabla ya ukimya, hata hivyo, kuna kufaa. Kifaa kisichokaa sawa ni hatari hata kama kimya chake ni cha kaburi. Angalia mambo haya unaponunua. Kaliba iandikwe juu ya kifaa, na tundu lake liwe kubwa kuliko peleti yako: cha .22 ukikifunga kwenye .177 kitafanya kazi, ila kwa sauti ya juu kidogo, lakini cha .177 ukikifunga kwenye .22 peleti itagonga viambaza, itapinda njia, na hujui itaelekea wapi. Kisha meno ya skrubu. Bunduki nyingi za huku zina meno ya nusu inchi ya UNF (aina mojawapo ya vipimo vya skrubu), meno 20 kwa kila inchi, lakini za zamani nyingi hazina meno kabisa na huhitaji kiunganishi kinachovishwa juu ya mtutu na kukazwa kwa skrubu ndogo. Hapo ndipo matatizo huzaliwa, kwa sababu skrubu moja ikikazwa kuliko nyingine kifaa kizima kinainama nywele moja, na nywele moja ikifika sentimita 15 mbele si nywele tena.

Kuhusu watengenezaji nitasema machache, maana kila mmoja ana wapenzi wake. Weihrauch wa Ujerumani vifaa vyao ni vya kawaida, havina mapambo, vinapatikana kwa urahisi, na kwa mtu anayeanza naona hakuna sababu ya kwenda mbali. Hugget wa hapa Uingereza wanasifiwa kwa udogo na umaliziaji mzuri, na wanaotembea vichakani wakiwinda sungura huvipenda kwa sababu havirefushi bunduki sana. Huma-Air wa Uholanzi wana mfumo wa vipande vinavyoungwa, kwa hiyo unaweza kuongeza au kupunguza urefu mwenyewe. Huo ndio ningependekeza kwa mtu mwenye bunduki mbili za nguvu tofauti. DonnyFL wa Marekani wana ukubwa mwingi na kaliba nyingi hadi zile nene, na wenye bunduki za nguvu ya juu ndio wateja wao wa asili. Siku hizi vipo pia vya plastiki vilivyochapwa kwa mashine, vyepesi ajabu na vya bei nafuu. Vingine ni vizuri sana, lakini kagua unyoofu wa tundu kabla hujatoa fedha.

Jambo la mwisho ni sheria, na tafadhali msiliruke. Umri wa kununua ni miaka 18. Huku England kipunguza sauti kilichotengenezwa kwa bunduki ya upepo hakihitaji cheti, lakini kibaki kwenye bunduki ya upepo. Kukihamishia kwenye bunduki ya baruti ni suala jingine la kisheria, na isitoshe sponji na plastiki yake haviwezi kustahimili joto na shinikizo la baruti. Walioko Scotland wakumbuke kwamba tangu 31 Desemba 2016 bunduki ya upepo yenyewe inahitaji leseni, na walioko Ireland ya Kaskazini kwamba kinachozidi jouli 1 kinahitaji cheti. Kuingia na bunduki kwenye ardhi ya mtu bila idhini ni kosa, na peleti kuvuka mpaka wa ardhi uliyoruhusiwa ni kosa pia.

Karibuni.

Kijana wa Bandarini

Shikamoo kaka, na ahsante kwa kazi hii. Mimi nina bunduki ya springi ya kuvunja mtutu (unaukunja mtutu chini ili kubana springi na kuweka peleti), Weihrauch HW95, na nilikuwa karibu kuagiza kipunguza sauti kikubwa wiki hii. Je, nikiache kabisa? Na je, ile programu ya simu ya kupima desibeli inaweza kunisaidia kulinganisha badala ya kumsimamisha mtu nyuma ya ukuta?

Mleta uzi

Marahaba. Kikubwa kiache, lakini kifupi na chepesi kina faida mbili kwako ambazo hazihusiani sana na sauti. Ya kwanza, kwenye bunduki ya kuvunja mtutu huwa kinakuwa mshikio: mkono haushiki tena ukingo wa mtutu, na nguvu ya kuvunja inapungua kwa sababu wenzo umerefuka kidogo. Ya pili, kinalinda mdomo wa mtutu usichubuke. Ila kila baada ya mapigo machache kikaze kwa vidole, kwa kuwa mkono unaokivuta kila mara unaweza kukilegeza, na kilicholegea kimeinama.

Ukitaka kweli bunduki yako itulie, fedha hiyo mpelekee fundi anayejua springi. Springi iliyokatwa vizuri ncha zake, ikavishwa vipande vya kuiongoza vinavyoibana vyema na grisi inayofaa, itakunyamazishia ule mtetemo kuliko bomba lolote la mbele.

Kuhusu simu, naomba usiitegemee. Mshindo wa bunduki huishi milisekunde chache tu. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa mazungumzo. Mlio mkali ukija ghafla kinafika ukomo wake, na programu za ndani huushusha zenyewe. Utapata namba ile ile kwa vifaa viwili vinavyotofautiana sana, au namba tofauti kwa kifaa kile kile. Wanaopima kwa ustadi hutumia vyombo maalumu vinavyowahi kilele cha mshindo, na huweka kipaza sauti mahali palepale kila mara. Kipimo cha kijeshi cha Marekani, kwa mfano, hukiweka mita 1 kushoto kwa mdomo wa mtutu, kimo cha mita 1.6. Kwa hiyo ukiona muuzaji ametangaza kwamba chake kinapunguza desibeli kadhaa bila kusema alipimia wapi na kwa chombo gani, namba hiyo haiwezi kulinganishwa na ya muuzaji mwingine.

Kumbuka pia desibeli hazihesabiki kama kilo. Kuongezeka kwa desibeli 3 ni nishati mara mbili, na kupungua kwa 10 sikio hulichukulia kama nusu ya sauti. Tena mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka karibu desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 32 umbali umeongezeka maradufu kwa hatua tano. Hizo ni desibeli 30 zimeondoka bila kununua chochote. Pa kusimama pana thamani kuliko wengi wanavyodhani. Ukipigia ndani ya banda la mabati, mabati yatarudisha yote uliyoyaokoa.

Mkulima wa Kilombero

Mwenzenu niko nyumbani, Morogoro, nasoma tu kwa hamu. Ndugu yangu aliyeko huko anarudi Desemba. Je, anaweza kuniletea bunduki hiyo na sailensa yake kwa ajili ya kweleakwelea kwenye mpunga?

Mleta uzi

Ndugu yangu, mwambie asipakie kitu hicho kwenye begi kabla wewe hujaenda polisi kuuliza kuhusu kibali, na kabla yeye hajaulizia shirika la ndege. Sheria niliyoieleza ni ya Uingereza. Haisafiri naye, na kukamatwa uwanjani na kipunguza sauti ni balaa ambalo sitaki limpate mtu kwa sababu ya maneno yangu. Na hata kwa kibali, kweleakwelea huja kwa maelfu kwa maelfu, wakati bunduki hii hupiga mmoja mmoja. Kazi ya kundi kama lile ni ya maofisa wa kilimo; toa taarifa mapema wanapoanza kujenga viota.

Mama Bustani

Habari za jioni. Mimi niko Kent na nina PCP ya .177 ninayoitumia kwa kindi wa kijivu wanaomaliza matunda ya mwajiri wangu. Nilifunga kipunguza sauti kipya kwa kutumia kiunganishi cha kuvisha, na tangu hapo shabaha imeharibika: mapigo yaliyokuwa yakikaa ndani ya sarafu moja kwa mita 25 sasa yanasambaa kama kiganja. Muuzaji ananiambia nisawazishe darubini tu. Nimesawazisha mara tatu.

Mleta uzi

Dada, usiisawazishe tena, na usiendelee kuitumia hadi tumeelewa. Kifaa kipya kikining'inia kwenye ncha ya mtutu kinaweza kuhamisha mahali peleti inapogonga, na hilo ni la kawaida. Lakini huhamisha mapigo yote kwa pamoja, kundi linabaki dogo ila limesogea. Hilo ndilo darubini inalotibu. Kundi likisambaa, chanzo ni kingine, na ninachoshuku ni peleti kugusa ndani.

Hakikisha bunduki haina peleti, kisha kifungue kifaa, ukishike kuelekea dirishani na utazame ukingo wa tundu la kutokea. Tafuta mstari wa kijivu unaong'aa upande mmoja, kama mtu aliyechora kwa penseli. Hilo ni madini ya risasi yaliyoachwa na peleti. Nawa mikono baadaye. Kisha kagua kiunganishi: skrubu zake zimekazwa kwa usawa? Uso wake wa mbele uko mraba na mtutu, au kuna upenyo wa mwanga upande mmoja kifaa kinapofungwa?

Mama Bustani

Nimerudi. Mstari upo, upande wa chini kushoto, mrefu kama punje ya mchele. Skrubu mbili za kiunganishi zilikuwa zimekazwa hadi mwisho na ya tatu ilikuwa haijagusa mtutu. Nimezilegeza zote, nimezikaza kidogokidogo kwa zamu, na nimefuta ule mstari kwa kitambaa. Leo asubuhi nimepiga mara 10 kwenye karatasi kwa mita 25, na tisa zimekaa ndani ya sarafu. Ya kumi ni mkono wangu. Nimetazama tena ukingo wa tundu kwenye mwanga: ni safi.